Herufi Tano za Wifi Yangu

Kutoka Kasese mjini hadi Bwera, ukisoma kila kibao kilichochomekwa kandokando ya barabara, utakutana na maneno marefu ya Kiingereza yanayobeba herufi zilezile tano: A, T, I, O na N. Foundation. Association. Plantation. Conservation, pale barabara inapogusa mbuga na nyani wanakaa kwenye kivuli cha kibao chenyewe wakichambuana manyoya. Ukifika mpakani kuna Immigration, kuna Declaration, na kwenye hema jeupe la afya kuna Vaccination. Mimi nilikua nikiyapita maneno hayo kama mtu anavyozipita nguzo za umeme. Aliyenifanya nisimame kuyatazama ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, mchana ule alipovuka kutoka Kongo kuja kuishi nasi.

Kaka alitangulia akisukuma pikipiki iliyofungwa masanduku na godoro. Sisi wawili tulifuata kwa miguu, na kila baada ya hatua chache wifi alisimama. Nilidhani amechoka, kumbe anasoma. Alisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, maneno yakipitia puani na kutoka yamelainika.

"Vaccination. Hii ninayo," alisema. "Immigration, ninayo. Association, ninayo pia." Akanishika kiwiko. "Wifi, mulinidanganya. Mulisema huku iko Kiingereza tupu. Sasa juu ya nini bameandika Kifaransa?"

"Hicho ndicho Kiingereza chenyewe," nikamwambia.

"Basi minakijua!"

Kaka aligeuka huku kifua kimeegemea usukani. "Mumesikia? Hata nyumbani hatujafika, bibi yangu ameshakuwa muzungu."

Wifi alikuwa mkunga. Miaka kadhaa alikuwa amezalisha akina mama katika wodi moja ya Butembo, kule Kongo, na mikono yake ilikuwa na utulivu ambao niliuona hata alipokuwa akimenya ndizi. Lugha ya kwao na Lhukonzo yetu ni mapacha wa tumbo moja. Tangu siku ya kwanza alielewana na mama yangu bila shida. Lakini tulipotaka kutaniana, yeye na mimi, tulihamia kwenye Kiswahili. Kwa lugha ya nyumbani alikuwa mke wa mtu na mimi nilikuwa dada wa mume, kila mmoja na heshima yake ya kuibeba. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, kila mtu anaingia na viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimerudi Bwera kumalizia kitabu, na asubuhi zangu zilipita nikifuta maneno marefu ili yabaki mafupi. Kaka alikuwa na gereji ya pikipiki karibu na njia ya hospitali. Mama alikuwa na kahawa yake, ambayo msimu huo ilijaa uani kwenye turubai, na kila aliyepita alitakiwa kuigeuza kwa mguu.

Kilichotukosesha usingizi kilikuwa hiki. Kulikuwa na kliniki ndogo ya uzazi mjini Bwera, na Sista aliyeiongoza alikuwa anatafuta mkunga. Vyeti vya wifi vilikwisha kutafsiriwa na kukubaliwa Kampala, baada ya safari ambazo zilimmaliza kaka nguvu kuliko gereji. Kilichobaki ni Kiingereza chake cha mdomo, ambacho Sista alitaka kukisikia mwenyewe. Upande wa pili, wodi ya Butembo ilikuwa imemshikia wifi nafasi yake hadi mwisho wa mwezi. Vitanda vya kule vilijaa wanawake waliokimbia mapigano katika vijiji vya upande wa Beni, na mkuu wake alimpigia simu karibu kila jioni akimuuliza anarudi lini. Wifi hakuwa mtu wa kukaa nyumbani akigeuza kahawa. Alisema wazi mbele yetu sote, wali ukiwa bado kwenye sahani: akikataliwa Bwera, atarudi kazini kwake, na ndoa itakuwa ya siku za soko, mmoja huku, mwingine kule.

Kaka alichomoa miba ya samaki, samaki wa ziwani Hamukungu wale wenye nyama tamu, akaipanga pembeni mwa sahani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayepanga vipuri. Mama ndiye aliyesema, akinitazama mimi: "Wewe si ndiye mwenye Kiingereza humu ndani?"

Nikapewa mwanafunzi.

Nilianza kama nilivyoanzishwa mwenyewe shuleni: kikombe, mbuzi, mvua, dirisha. Tulikaa uani, miguu yetu kwenye kahawa, nikinyoosha kidole na yeye akirudia. Siku ya pili alirudisha miguu yake na kukunja mikono.

"Wifi, unanifundisha sawa mutoto ya chekechea. Mimi nazalishaka bamama. Mbuzi ya nini?"

"Huwezi kuanza na paa kabla ya ukuta."

"Paa ninayo tayari. Sikia." Akahesabu kwenye vidole. "Contraction. Dilatation. Respiration. Transfusion. Infection." Akanitazama kwa ushindi. "Haya niambie, iko Kiingereza ama haiko?"

Ilikuwa Kiingereza. Ilihitaji tu kutolewa puani na kusukumwa mbele kidogo, ulimi ugonge mahali pengine. Kwa mkono mmoja alikuwa amenipa maneno ambayo mtoto wa Bwera huyapata akiwa sekondari, baada ya viboko. Nikasahau mbuzi.

Mchezo ulianza hapo, nami ndiye niliyeutungia sheria: neno liwe refu, liwe la Kiingereza, na herufi zote tano ziwemo, A, T, I, O, N, hata kama zimetawanyika. Infection tukalitoa kwa sababu halina A, wifi akaliombea kama mgonjwa na bado nikakataa. Transfusion likapita. Kisha tukagundua kwamba herufi hizo zinapenda kujificha. Container, neno la yale makontena yanayosubiri mpakani, zimo zote. Dictionary zimo. Antibiotic zimo, na wifi akapiga makofi ya furaha kana kwamba dawa yenyewe imefanya kazi. Nikamwonyesha Rwenzori, iliyokuwa imefunikwa na wingu hadi kiunoni, nikamwambia hata mountain zimo, na mountaineer yule anayekuja na kamba na fimbo kuupanda mlima wetu, zimo pia. Obstetrician, yaani daktari wa uzazi, tulilipata siku ileile. Alilirudia mara nyingi sana hadi jirani akauliza ng'ambo ya ua kama kuna mtu anapiga chafya.

Jioni mchezo ukaingia mezani. Kaka, aliyekuwa ameacha shule mapema na hapendi kukumbushwa, alishughulika na sahani yake kwanza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mimi iko na moja. Ignition."

Tukatazama. "Haina A," nikasema.

"Haina A namna gani? Pikipiki bila ignition haitoki!"

"Pikipiki haitoki, lakini neno halina A."

"Banange, jamani." Akafikiri, taya zikitafuna bila chakula. "Haya, kale. Transmission."

Wifi akaanza kuhesabu kwa kidole hewani, akapiga kelele. Zilikuwemo zote. Kaka akasimama, akazunguka meza akipeana mikono nasi kama mheshimiwa aliyeshinda kura, na bila kupumzika akaongeza lubrication, akaketi.

Mama alikuwa ametoa congregation na salvation, nayo yalipita bila ubishi. Lakini alipotoa resurrection, ikabidi nimwambie kwamba hilo nalo limekosa A.

"Ufufuo," alisema kwa Lhukonzo, taratibu, "umekataliwa?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Mchezo gani huo unaokataa ufufuo na kupokea mafuta ya pikipiki?"

Alichukua sahani yake akaenda kula jikoni, na kwa siku kadhaa kila alipotusikia tukihesabu herufi aliguna.

Sasa nieleze nilivyomwandaa wifi kwa ajili ya Sista, maana mtu asiyesoma shule zetu anaweza kudhani nilirogwa. Katika shule yangu ya sekondari, nje kidogo ya Kasese, Kiingereza kizuri kilikuwa na mahali pamoja pa kuonekana: mdahalo wa Ijumaa. Ulisimama mbele, ukaunganisha mikono mgongoni, ukawasalimu watu wote kwa vyeo vyao, na kila ulipoangusha neno refu, wenzako waligonga madawati. Neno likiwa refu zaidi, madawati yaliunguruma zaidi. Hakuna aliyeuliza umesema nini. Na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa kutosimama: ukipotelewa na wazo, tupia neno lolote refu, situation, globalisation, implementation, na madawati yatakuvusha hadi wazo litakaporudi. Mimi nilikuwa bingwa. Kwa hiyo nilipoulizwa jinsi ya kumpeleka mtu mbele ya mkubwa anayetaka kusikia Kiingereza, mikono yangu ilijua njia moja tu.

Nikamtungia hotuba. Ilikuwa nzuri. Karibu kila mstari ulikuwa na herufi zetu tano, na wifi aliimeza haraka kuliko nilivyoiandika. Aliikariri akifua, akichota maji, akigeuza kahawa. Jioni tulimsimamisha sebuleni, na kaka na mimi tukagonga meza kila neno refu lilipotua. Hata mama aligonga mara moja, ukingoni, kwa salvation, ambalo nilikuwa nimeliingiza kwa ajili yake.

"Batanipigia makofi na kule?" wifi aliuliza.

"Watakushangilia," kaka akasema. "Daktari wangu, watakuomba uwe muheshimiwa."

Kliniki ilikuwa nyumba ya kijani yenye veranda ndefu, na Sista alitupokea akiwa anakunja vitambaa vya chachi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Chumbani hapakuwa na jopo la watu. Palikuwa na yeye, meza, birika, na dirisha lililotazama uwanja ambapo boda boda zilisubiri. Niliketi kwenye benchi mlangoni. Wifi akasimama katikati, akaweka mikono mgongoni, akainua kidevu, akaanza kwa Kiingereza: mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza saa makini, wapinzani wangu na hadhira yote.

Sista aligeuka kutazama nyuma yake. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kiswahili: "Hawa wapinzani beko wapi?"

Wifi hakusimama. Nilikuwa nimemfundisha asisimame. Alipita kwenye administration, akapita kwenye sterilisation, akafika kwenye international co-operation, na mkono wangu, Mungu anisamehe, uligonga benchi wenyewe. Sista alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukunja chachi. Wifi alipomaliza, Sista akamwonyesha kiti, na akamuuliza kwa Kiingereza chepesi, kwa upole, kama mtu anayemimina chai: "Umekula nini asubuhi?"

Nilimwona wifi akilitafuta. Alikuwa amekula muhogo na chai. Muhogo ulikuwa bado kwenye ncha ya kidole chake, lakini kwa Kiingereza hakuwa nao, wala chai, wala asubuhi. Macho yake yakanijia mimi, yakarudi kwa Sista.

"Alimentation," alisema, akikiita chakula kwa neno la wodini, "good. No complication."

Sista alicheka hadi akalazimika kuvaa miwani ili apate kuivua na kufuta macho. Wifi naye akatabasamu, kwa adabu, bila kujua kinachochekesha. Kisha kicheko kiliisha, na Sista akavuta kiti chake karibu naye. Sasa alizungumza Kiswahili, ili pasiwe na shaka.

"Mama, najua unajua kazi. Vyeti nimeona. Bamama hapa utaongea nao luga yako, hakuna shida. Lakini daktari wangu ametoka mashariki, hajui luga yetu hata moja. Na wauguzi wangu wawili ni wa mbali. Zamu ikibadilika, sisi yote tunaongea Kiingereza juu ya mugonjwa. Sasa mutoto akizaliwa usiku, akakataa kulia, wewe utamwambia daktari nini? Utamwambia international co-operation?"



"Kiingereza chako imevaa suti," Sista akasema, "lakini haiwezi kutembea." Akarudi kwenye chachi zake. "Kuja Ijumaa asubuhi, wakati wa kukabidhiana. Hapa kwangu, anayeingia anarudisha maneno ya anayetoka, kwa sauti, kitanda kwa kitanda. Usipoweza, nitakushukuru na kukuombea safari njema. Ukiweza, tutaongea."

Tulitembea kurudi nyumbani, tukawapita wauza nyanya. Niliyekuwa na aibu ni mimi. Nilifungua mdomo kuomba samahani, naye akaninyamazisha kwa kiganja.

"Usiniombe kitu. Tarehe iko karibu kuisha na mukubwa wangu anapiga simu leo jioni." Alipita dimbwi, akanisubiri upande wa pili. "Nipe ile maneno madogo. Ile ya mbuzi."

Siyo ile ya mbuzi, kwa kweli. Tulipokaa kufikiri, tuligundua kwamba maneno makubwa ya wodi alikuwa nayo yote tangu Butembo. Alichokosa ni yale yanayokaa katikati yao na kuyashika: still, yet, since, again, until, a little. Maneno hayo hayaandikwi kwenye kibao chochote, na hakuna aliyewahi kuyagongea dawati.

Tukageuza nyumba kuwa wodi. Kitanda cha kwanza kilikuwa mama, kwenye mkeka wake, akipepeta maharage na kukataa kulala. Kitanda cha pili kilikuwa kaka, aliyelala kifudifudi kwenye benchi baada ya kazi, akinuka grisi, akiwa amepokea ugonjwa wake kwa moyo mmoja. Kitanda cha tatu kilikuwa kuku aliyeatamia kwenye kapu nyuma ya mlango wa jikoni, mgonjwa pekee aliyekuwa kweli wa uzazi. Mimi nilikuwa muuguzi anayetoka. Nilipita kitanda kwa kitanda nikisema kwa Kiingereza: huyu amekunywa chai kidogo, huyu analalamika mgongo tangu mchana, huyu bado anasubiri, haguswi, ameuma mtu. Wifi alinifuata akirudisha.

Kitanda cha kwanza kilipinga. "Mwambie sijalalamika," mama alisema. "Nimesema tu kwamba mgongo unauma."

Siku ya kwanza ilikwenda vibaya. Wifi alipopotewa na neno, aliziba pengo kwa lile refu lililokuwa karibu, na alilisema vizuri kiasi kwamba mimi, mwalimu, nilitikisa kichwa kukubali. Aliyetukamata ni kaka, akiwa bado amelala.

"Simama hapo. Dada amesema mimi iko na kiu. Wewe umerudisha nini?"

"Hydration," wifi akasema.

"Hydration gani? Hydration nimepata ao nimekosa?" Akainuka kwa kiwiko. "Mutu iko nakufa na kiu, wewe nasema hydration, daktari anafurahi, anaenda kula!"

"Sikusikia muzuri ile neno."

"Sasa kama hukusikia, sema hukusikia! Kule gereji mutu akijifanya amesikia, ananiletea spana ingine, tunafunga, pikipiki inatoka, inaangukia kwenye barabara na mutu juu yake. Mimi sikasirikiagi mutu anauliza. Nakasirikia ule anatikisa kichwa."

Alirudi kulala kifudifudi, lakini maneno yake yalibaki yamesimama sebuleni. Nilikuwa nimemfundisha mke wake, kwa moyo wangu wote, kitu kimoja kisichofaa kabisa mbele ya mgonjwa: kutosimama. Darasani, aliyesimama alishindwa.

Kuanzia hapo nilianza kumtegea. Katikati ya ripoti ya mama au ya kuku niliingiza neno ambalo najua hana, na kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono na kusema kwa Kiingereza: simama, hilo silijui, rudia. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko obstetrician. Alikuwa mtu mzima, mkunga, na wanawake wengi walikuwa wamewapa watoto wao wa kike jina lake. Kila alipolazimika kusema hajui, shingo yake ilikakamaa. Mara nyingine alikasirika, akaniambia kwa lugha ya nyumbani, yenye heshima zake zote, kwamba amechoka, nami nikajua amechoka kweli, maana hakutumia Kiswahili.

Ijumaa niliingia naye hadi veranda, nikasimama pamoja na ndugu wa wagonjwa waliobeba chupa za uji. Milango ya wodi ilikuwa wazi. Aliyetoka zamu alikuwa msichana mrefu aliyechoka, aliyezungumza Kiingereza kwa kasi ya mtu anayewaza kitanda chake. Sista alisimama kando, mikono mifukoni. Daktari hakuwepo.

Kitanda cha kwanza, wifi alirudisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilitembea: amejifungua salama, damu kidogo, amekula, bado hajakwenda haja. Kitanda cha pili, akarudisha, na contraction yake ikatoka bila pua hata kidogo. Mwanamke mmoja karibu nami alikuwa akipuliza uji, nikatamani aache kupuliza.

Kwenye kitanda cha tatu msichana alisema mama hana neno, lakini mtoto yuko on and off tangu alfajiri. Ni maneno matatu mafupi sana, ya kawaida, ambayo hata mimi sikuwahi kuyafikiria, na sikuwa nimemfundisha. Niliona midomo ya wifi ikijikusanya. Nililijua lile umbo. Lilikuwa neno refu linakuja, lolote, observation au situation, na lingetoka zuri, na msichana aliyechoka angeitikia na kwenda kitanda cha nne.

Midomo ilifunga. Wifi akanyoosha mkono.

"Stop," alisema. "This one I don't know. Again, please."

Msichana akarudia, haraka zaidi.

"I still don't know."

Ndugu wa wagonjwa walitazama. Shingo ya wifi ilikuwa imekakamaa kama nilivyoijua, lakini mkono ulibaki hewani. Msichana akamtazama Sista akitafuta msaada, kana kwamba aliyekwama ni mwingine. Sista hakusogea.

"Mweleze," akasema tu.

Msichana alifikiri. Nilivyoona, ndipo alipoanza kumfikiria mtoto mwenyewe. Akaeleza taratibu: ananyonya kidogo, anaacha, analala, ukimwamsha ananyonya kidogo, anaacha tena. Wifi alisikiliza kila neno. Kisha akarudisha: mtoto ananyonya kidogo, anaacha, tangu alfajiri, tena na tena. Alikuwa na since, alikuwa na again. Akamshukuru, na wakaenda kitanda cha nne.

Walipomaliza, Sista alipita kwanza kwa yule mtoto wa kitanda cha tatu, akamgusa nyayo, akazungumza na mama yake. Sisi tulisubiri veranda, wifi akishika nguzo. Alipotoka, Sista alizungumza akitembea.

"Jumatatu. Saa moja kamili uwe umeshavaa. Utakaa na mimi zamu ya asubuhi mpaka nikuachilie." Alifika mlangoni kwake, akageuka. "Na ile hotuba, utanisomea siku nikiwa na huzuni."

Nilimkumbatia wifi hapohapo, nikimwinua, nikapiga kelele ambazo zilimfanya mwenye uji amwage. Yeye hakupiga kelele. Alitaka simu. Kaka alikuwa wa kwanza kuambiwa, na nilimsikia akipiga honi ya pikipiki ya mteja huko gereji, mfululizo, hadi mteja akalalamika.

Simu ya pili ilikuwa ya Butembo. Hiyo aliipiga akiwa amesogea mbali nami, chini ya ukingo wa bati, lakini sauti yake ilinifikia. Alimsalimia mkuu wake kwa adabu, akauliza habari za vitanda. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema harudi. Alisema kwa lugha yao, ambayo ni yetu pia, na kwa lugha hiyo jambo lile lilikuwa zito kuliko nilivyolisikia kwa Kiswahili siku zote zile. Wifi alifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Mpeni nafasi yangu yule dada anayekaa karibu na kanisa," alisema. "Ana mikono mizuri. Mwambieni dirisha la chumba cha kuzalia linakwama, asilisukume. Alinyanyue kwanza, halafu avute. Na yule bibi aliyetoka upande wa Beni, ambaye hataki kula mbele ya watu, mumwachie sahani na kuondoka. Atakula."

Alisikiliza tena. Akaitikia, akaitikia tena, sauti ikizidi kushuka. Boda boda zilikuwa zikiita abiria uwanjani, na yeye aliziba sikio moja kwa kidole ili asipoteze hata neno moja la upande ule.